Mapichi, plamu na cheri: namna ya kuyachagua, kuyavundika na kuyala yakiwa kwenye utamu wake

Chukua pichi gumu, litie friji siku hiyohiyo ulipolinunua, liache humo wiki moja. Ukilikata utakuta nyama kavu, ya ungaunga, isiyo na maji wala harufu. Ni kama unatafuna sufi. Aliyelinunua atalaumu mti, atamlaumu muuzaji, na msimu ukirudi hatayatazama tena mapichi. Inaniuma nikisikia hivyo, kwa sababu pichi lilelile likiachwa mezani siku tatu kabla ya kuguswa na baridi, huenda lingemchuruzika maji hadi kwenye kiwiko.

Matunda ninayoyazungumzia ni mapichi, nektarini, plamu, aprikoti na cheri. Yote ni ya jenasi moja, Prunus, na ni ndugu wa karibu wa mlozi. Kila moja lina kokwa moja ngumu katikati. Msimu wake ni mfupi, na ukikosea siku mbili tatu unapoteza sehemu kubwa ya utamu. Siri yake haihitaji vifaa wala fedha ya ziada: kwanza joto la chumbani, friji baadaye. Cheri peke yake ndiyo inayokwenda kinyume, nitaifikia.

Hatua ya 1: Jua lipi linatangulia

Kaskazini mwa ikweta, cheri na aprikoti hufungua msimu, takribani kuanzia Mei hadi Julai. Mapichi na nektarini hushika kuanzia Juni hadi Septemba, na plamu huanza Julai na kuendelea hadi Oktoba. Kusini mwa ikweta mambo hugeuka, mavuno mengi yakiangukia kati ya Novemba na Machi. Miti hii hulala wakati wa baridi, na aina nyingi zinataka mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi kabla ya machipukizi kuamka na kuchanua vizuri. Ndiyo maana hustawi kwenye nchi zenye kipupwe cha kweli, au kwenye miinuko.

Mpangilio huo ukusaidie kupanga matumizi. Cheri hazikungoji, kwa hiyo zikitokea zinunue na uzile. Mapichi yanakupa nafasi zaidi. Yale ya mwanzo wa msimu mara nyingi nyama yake imeng'ang'ania kokwa, ni matamu kula kwa mkono lakini ni kazi kuyakata vipande vizuri. Ya katikati na ya mwisho, mengi huachia kokwa kirahisi. Kama nia yako ni kutengeneza jamu au kujaza friza, subiri hayo.

Hatua ya 2: Chagua kwa pua, kisha kwa rangi ya chini

Wekundu wa pichi unawadanganya wengi. Wekundu ule unatokana na aina ya mti na jua lililolipiga tunda. Hausemi chochote kuhusu kuiva. Rangi ya kutazama ni ile iliyo chini ya wekundu, hasa kuzunguka shimo la kikonyo. Ikiwa ni ya njano iliyokolea, au ya maziwa kwa mapichi meupe, tunda lilichumwa limekomaa. Ukiona bado kuna kijani pale, liache. Lilichumwa mapema mno, na hata ukilivundika mwezi mzima litalainika bila kupata utamu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ndizi huchumwa ikiwa imejaa wanga, na wanga huo hugeuka sukari ikiwa imeshakatwa mtini. Pichi, plamu na aprikoti hazina akiba ya namna hiyo. Sukari unayoipata ni ile iliyoingia kutoka kwenye mti kabla ya kuchumwa. Baada ya hapo tunda litalainika, uchachu utapungua na harufu itafunguka, hivyo ulimi utaliona tamu zaidi, lakini sukari yenyewe haiongezeki. Kwa hiyo kuchagua vizuri kuna uzito kuliko ufundi wowote utakaoufanya jikoni.

Sogeza tunda puani. Pichi lililokomaa hutoa harufu hata likiwa bado gumu kidogo, mradi halijatoka kwenye baridi muda huohuo. Usilibonyeze kwa ncha ya kidole gumba. Alama ile hugeuka kahawia kesho yake, na mwenzako atakayefuata atakuta tunda limechubuka. Lilaze kwenye kiganja, vidole vyote vilizunguke, kisha sikilizia pale juu karibu na kikonyo. Pichi huanza kulainika hapo mabegani. Likikubali kidogo, limebakiza siku moja au mbili. Likikubali kote, ni la leo.

Nektarini ni pichi lisilo na vinyweleo. Ni spishi ileile, na tofauti inatokana na jeni moja. Ichague vilevile.

Plamu zinataka jicho jingine. Tafuta zile zenye ule unga mweupe juu ya ngozi. Ni nta ya asili ya tunda, wala si dawa, na ikiwa bado ipo maana yake tunda halijashikwashikwa sana. Plamu za Kijapani ni za mviringo, zina maji mengi na ni za kula kwa mkono. Plamu za Ulaya huwa ndefu kidogo, nyingi za zambarau iliyokolea, nyama yake imeshikana, na hizo ndizo za kuoka na kukausha. Plamu nyingi zina uchachu kwenye ngozi na karibu na kokwa hata zikiiva kabisa. Kwangu hilo ndilo pambo lake. Santa Rosa, plamu aliyoitoa Luther Burbank, mzalishaji wa aina mpya za mimea, kule California mwaka 1906, inapendwa hadi leo kwa sababu ya ngozi yake kali iliyofunika nyama tamu. Ukiimenya umeivua nusu ya ladha.

Kuhusu mapichi meupe na ya njano: meupe yana asidi kidogo, kwa hiyo yanaweza kuwa matamu hata yakiwa bado magumu kidogo. Ya njano yana asidi zaidi, na yanapolainika ndipo uchachu na utamu vinapokutana. Anayependa tunda la kutafuna achukue meupe. Mimi ni wa njano.

Hatua ya 3: Vundika

Yakifika nyumbani, yatoe kwenye mfuko wa plastiki mara moja. Yapange kwenye sinia au kitambaa safi, mstari mmoja, yasibebane wala kugusana sana. Yalaze upande wa kikonyo ukiwa chini, kwa kuwa mabegani pichi lina eneo pana la kukalia na halipondeki haraka. Yaweke mahali penye kivuli, joto la kati ya nyuzi 18 na 25. Kwenye joto kali zaidi ya hapo yanaweza kuoza kabla ya kuiva vizuri.

Ukitaka kuharakisha, yatie kwenye mfuko wa karatasi na ukunje mdomo. Matunda haya yenyewe hutoa gesi ya ethilini inayoamsha uivaji, na mfuko unaizuia isipotee. Ukiweka ndizi mbivu au tofaa humo ndani kazi huenda mbio zaidi. Karatasi hupumua, plastiki hufungia unyevu na kuleta ukungu. Fungua kila asubuhi, uguse tunda mojamoja. Lililoiva litoke, na lililoanza kuoza litoke haraka zaidi, maana linaambukiza wenzake.

Aprikoti iangalie kwa karibu kuliko yote. Inaweza kuwa ngumu asubuhi na jioni ya siku ya pili ikawa imepita. Nikiwa nazo nyingi sizivundiki zote pamoja. Nusu hukaa mezani, nusu huwekwa mahali penye ubaridi kidogo ili zifuate nyuma.

Hatua ya 4: Friji, kwa tunda lililokwisha kuiva

Mapichi, nektarini na plamu ambazo hazijaiva huumia zikikaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 hivi. Katika kiwango hicho mchakato wa kuyeyusha pektini (gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya tunda), ule unaolainisha nyama na kuachia maji, huvurugika. Matokeo ni ule ungaunga, na wakati mwingine kahawia inayoanzia kwenye kokwa kwenda nje. Friji ya nyumbani huwekwa kwenye nyuzi 4 hivi, katikati kabisa ya eneo la hatari. Wafanyabiashara wakubwa huhifadhi karibu na nyuzi 0, ambako madhara hayo huchelewa, lakini nyumbani huwezi kufika huko bila kuhatarisha mboga zako. Tena tunda lako huenda lilishapitisha siku kadhaa za baridi njiani kabla hujalinunua, na hizo nazo zinahesabika.

Basi likishaiva, ndipo friji inapokuwa rafiki. Itakuongezea siku tatu hadi tano. Toa matunda nusu saa au saa nzima kabla ya kula, kwa sababu baridi inafunga harufu, na pichi lisilo na harufu ni maji ya sukari tu.

Hatua ya 5: Cheri zina sheria zake

Cheri haiivi tena ikishachumwa. Ilivyokuwa mtini ndivyo itakavyokuwa mdomoni, na kila saa inayokaa kwenye joto inarudi nyuma. Ipeleke friji mara ufikapo, kwenye sehemu yenye baridi zaidi, ikiwa haijaoshwa na ikiwa na vikonyo vyake.

Kikonyo ndicho cha kukagua unaponunua. Kikiwa kijani na kinapinda bila kukatika, cheri ni ya karibuni. Kikiwa kahawia na kimekauka, imekaa. Ngozi iwe inang'aa na imekaza. Kwa aina nyekundu, tunda lililokolea hadi karibu na weusi huwa tamu kuliko lile jekundu la kung'aa. Zipo pia aina za njano zenye haya ya wekundu shavuni. Hizo zipime kwa ugumu na mng'ao wake. Pitia mfuko na utoe zilizopasuka, kwa maana mvua ikinyesha karibu na mavuno cheri hunyonya maji hadi ngozi ikachanika, na ukungu huanzia kwenye nyufa hizo.

Cheri chachu ni spishi nyingine kabisa. Ukiipata usiihukumu kwa kuila mbichi. Ipike, ndipo utaelewa kwa nini watu wanaisubiri mwaka mzima.

Hatua ya 6: Osha, kata, menya

Osha pale tu unapotaka kula. Maji yakibaki kwenye ngozi yanaita ukungu, na plamu hupoteza ile nta inayoilinda. Maji safi yanayotiririka yanatosha, na pichi lisugue taratibu kwa kiganja ili vinyweleo vitoke.

Kukata: pichi lina mstari unaoshuka kutoka kikonyoni hadi chini. Pitisha kisu juu ya mstari huo hadi kiguse kokwa, uzungushe tunda lote mpaka kisu kirudi kilipoanzia. Shika nusu hii kwa mkono mmoja na nusu nyingine kwa mwingine, kisha zungusha kinyumenyume. Kama ni la kuachia kokwa, nusu moja itatoka safi, na kokwa iliyobaki utaing'oa kwa ncha ya kijiko. Kama limeng'ang'ania, usipigane nalo. Kata vipande kutoka pembeni kuelekea kokwa, na kinachobaki kwenye kokwa kifyonze.

Kumenya si lazima ukila likiwa bichi. Kwa jamu au keki, chora alama ndogo ya msalaba chini ya pichi, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha ulihamishie kwenye maji ya barafu. Ngozi itavuka kwa vidole. Ikikataa, tunda halijaiva, tumia kisu.

Kutoa kokwa za cheri bila mashine: weka cheri juu ya mdomo wa chupa nyembamba, upande wa kikonyo ukiwa juu, na usukume katikati kwa kijiti cha kulia chakula au mrija mgumu. Kokwa inadondokea ndani ya chupa pamoja na maji yake, mkono unabaki safi. Vaa nguo nyeusi hata hivyo.

Kokwa zenyewe zinahitaji neno zito. Ndani yake kuna punje yenye kemikali iitwayo amigdalini, ambayo ikitafunwa au kusagwa hutoa sianidi mwilini. Kokwa nzima ya cheri iliyomezwa kwa bahati mbaya kwa kawaida hupita ilivyo. Hatari iko kwenye kuvunja na kula punje, hasa za aprikoti ambazo wapo wanaoziuza kama tiba. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kwamba mtu mzima akila zaidi ya punje tatu ndogo mbichi za aprikoti kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata punje moja ndogo inaweza kuvuka. Usizisage kwenye sharubati, na kwa watoto toa kokwa zote na ukate tunda vipande, kwa sababu ya kupaliwa.

Hatua ya 7: Kula, na kuokoa lililoshindikana

Pichi lililoiva sawasawa lile kwa mkono, umeinama kidogo mbele ili maji yasikufike kifuani. Sioni sababu ya kuliongezea kitu. Ukiwa na mapichi yaliyo matamu lakini yamepooza, nyunyizia matone ya ndimu na chembe ya chumvi, uyaache dakika kumi. Asidi na chumvi vinaiinua ladha iliyolala.

Magumu yasiyotaka kuiva, na yale ya ungaunga, yote yana kazi jikoni. Yakate nusu, yapange kwenye trei nyama ikitazama juu, tia sukari kidogo na siagi, na uyaoke kwenye nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25 mpaka kingo zianze kugeuka kahawia. Moto unakusanya ladha na kuvukiza maji, na ule ungaunga hausikiki tena. Iliki inakaa vizuri na aprikoti, tangawizi na plamu, lozi na cheri.

Plamu zilizopitiliza zikate, zitie sufuriani na sukari kiasi na maji vijiko viwili, uzifunike kwenye moto mdogo. Ndani ya robo saa una mchuzi mzito mwekundu wa kula na maziwa ya mgando.

Tumbo lako nalo lisikilize. Plamu na cheri zina sorbitoli, sukari inayofyonzwa polepole ambayo ikizidi huvuta maji tumboni. Bakuli zima la cheri kwa mtu mwenye tumbo jepesi litamsumbua. Na ukihisi mdomo au koo linawasha baada ya kula tunda la familia hii, acha kula na umwone daktari, hasa kama midomo inavimba. Mzio wa matunda haya upo, na kwa baadhi ya watu ni mkali.

Hatua ya 8: Weka akiba kabla msimu haujafunga

Friza ndiyo njia rahisi. Kata mapichi au plamu vipande, yachanganye na maji ya limau ili yasigeuke kahawia, yatandaze kwenye trei bila kugusana, yagande, kisha yahamishie kwenye mifuko na utoe hewa yote. Cheri zigandishe zikiwa zimetolewa kokwa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na ladha nzuri miezi 8 hadi 12. Usitegemee kuzila kama mbichi, zikiyeyuka zinalegea. Zile zikiwa bado na barafu nusu, au zitie kwenye keki zikiwa zimeganda vilevile.

Jamu inategemea pektini na asidi. Plamu chachu zina pektini ya kutosha: kilo 1 ya plamu kwa gramu 750 hadi 1,000 za sukari huganda bila msaada. Mapichi na cheri tamu zina pektini kidogo, kwa hiyo ongeza maji ya malimau mawili kwa kila kilo, na usishangae ikibaki laini. Jamu hufika pale inapofikia nyuzi 104 hadi 105 ukiwa usawa wa bahari. Ukiwa kwenye miinuko maji huchemka mapema, basi hesabu nyuzi 4 hadi 5 juu ya pale maji yako yanapochemkia. Bila kipimajoto, weka sahani kwenye friza, dondoshea tone, subiri kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likikunjamana juu, zima moto.

Onyo moja kwa wanaofungia matunda kwenye chupa kwa maji yanayochemka: mapichi meupe yana asidi ndogo mno kwa njia hiyo na si salama. Yaweke friza. Ya njano ndiyo ya chupa.

Kwa kukausha tumia plamu za Ulaya, ambazo sukari yake ni nyingi. Zikate nusu, toa kokwa, zilaze ngozi ikiwa chini kwenye oveni ya nyuzi 60 hivi, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Huchukua saa nyingi, hata usiku kucha kwa zile nene. Ziko tayari zikipinda bila kuvunjika na ukizibana hazitoi maji. Ziache zipoe kabisa, kisha uzifungie kwenye chupa kwa wiki moja huku ukiitikisa kila siku. Ukiona unyevu kwenye kioo, zirudishe oveni.